Kashene, Vumbi la Barabara ya Sake, na Barua Niliyoiandika Dhidi ya Mama Riziki

Mwenye kosa ni mimi. Naliandika hilo katika mstari wa kwanza kwa sababu nilitumikia ofisi za utawala kwa zaidi ya miaka thelathini, Walikale kwanza na baadaye Masisi, na huko nilijifunza kwamba barua isiyotaja mapema nani ametenda nini ni barua ya mtu anayetafuta mahali pa kujificha. Wapo wengine wenye sehemu yao, nami nitawataja kwa vyeo vyao bila kuwapunguzia chochote. Lakini mwanamke aliyekuwa akiuza buyi, yaani uji wa mtama, kando ya barabara pale Mubambiro, hakunitilia sumu. Niliugua kwa vumbi na moshi nilivyovivuta mwenyewe, pua yangu ikiwa imefunikwa kwa kitambaa nilichokichagua kwa sababu kilinipendeza. Kisha nikatia sahihi kwenye karatasi iliyosema vingine.

Sasa naweza kupanda ngazi za kanisa bila kusimama katikati. Naandika kwa ajili ya wanaoendesha baiskeli katika njia zetu na wameanza kukohoa. Naandika pia kwa ajili ya jamaa zao, ambao huenda wakati huu wamekaa sebuleni wakitafuta jina la jirani wa kumbebesha kikohozi hicho.

Nilipostaafu nilihamia Sake, katika nyumba ya mbao tuliyoijenga nikiwa kazini. Shule moja ya binafsi mwanzoni mwa mji wa Goma ilinihitaji niweke sawa madaftari ya wanafunzi, kwa kuwa familia nyingi zilikuwa zimehamahama na karatasi za watoto zilikuwa zimepotea njiani. Nilikubali kwa furaha, maana mtu aliyezoea mafaili hufa mapema akikaa bure. Kila siku ya masomo nilitoka Sake kwa baiskeli, nikapita Mubambiro penye kambi ya askari, nikaendelea katikati ya mawe meusi ya volkano hadi kwenye mzunguko wa kwanza wa mjini. Mtu asiyeijua njia hiyo asidhani ni matembezi. Malori yanayoshuka kutoka Masisi na Walikale yamezeeka kunishinda mimi, na moshi wake hutoka mweusi na mzito. Pikipiki hupita kulia na kushoto. Chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na kanyagio, huteremka zimebeba viazi hadi juu ya kichwa cha mwenyewe. Katika kiangazi cha Januari vumbi husimama hewani hata lori likiwa limeshapita zamani.

Nilijua kwamba nahitaji barakoa, ambayo huku tunaiita kashene. Sikuwa mjinga, na hilo ndilo linalonikera. Nilianza na zile za buluu za hospitali, zilizokuwa zimebaki nyumbani tangu wakati ule wa ugonjwa wa dunia nzima. Kabla sijafika Mubambiro zilikuwa zimelowa kwa pumzi na kunata mdomoni, nikazitupa. Kisha nikaenda kwa fundi wangu wa nguo pale Sake, nikampa kipande kilichobaki cha kitambaa cha suti yangu ya kijivu, naye akanishonea kashene tatu zenye mikunjo, zenye mstari wa hariri ndani. Zilioana na koti. Nilijitazama kwenye kioo cha fundi nikaona mtumishi wa serikali, si mwendesha baiskeli. Nikaridhika.

Kila asubuhi nilisimama kwa Mama Riziki. Alikuwa mjane wa makamo, mtu wa Nyamitaba, mwenye sufuria mbili na benchi moja chini ya hema la plastiki. Wapiga-moto, yaani waendesha pikipiki wa abiria, walikunywa hapo wakingoja wateja, nami nilikunywa kikombe kimoja kabla ya kuendelea. Asubuhi moja ya Januari nilishuka na kashene yangu mpya.

"Papa Sekretere," mpiga-moto mmoja akaniambia, kwa jina walilonipa kwa ajili ya kazi yangu ya ofisini, "hiyo kashene njo ya ndoa ao ya kazi?" "Njo" kwao ni "ndiyo".

"Hauone iko ya costume?" mwenzake akamjibu. "Vumbi ikifika kwa Papa, inapitaka kwanza ku protokole. Inaacha jina, inangojea."

Walicheka, nami nikacheka kidogo, kwa sababu utani huo ulinipa heshima. Mama Riziki hakucheka. Alifungua kikapu chake akatoa barakoa ya mpira mweusi, yenye vichungi viwili vya duara, kimoja kila upande wa mdomo. Ni ile wanayovaa wachimbaji wa madini mashimoni.

"Hii ilikuwa ya bwana yangu," akasema. "Alikuwa anachimba kule kwenu Walikale. Mupira iko bado muzima, angalia. Hizi mbili za pembeni njo unabadilishaka, ziko ku soko. Vaa hii, Papa. Hako kanguo kako hakazuie kitu."

"Mama, nakushukuru. Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali."

"Na mapafu ya serikali inapumuaka namna ingine?"

Wapiga-moto walicheka tena, na safari hii sikupenda. Mmoja akasema, "Leo Papa Sekretere anakuwa krezere," yaani mchimbaji. Niliona picha yangu nikiingia katika uwanja wa shule, mbele ya walimu, nikiwa na uso wa mtu wa shimoni. Kule Walikale nilikoanzia kazi, wachimbaji walisimama mlangoni pangu kofia mkononi wakingoja niseme "ingia." Nilimrudishia Mama Riziki barakoa ile kwa ncha za vidole, nikamwambia kwamba kwetu vitu vilivyoguswa na pumzi ya marehemu haviingii nyumbani.

Hilo nalo lazima niliweke sawa. Wako wazee wa kwetu msituni wanaoshika miiko ya namna hiyo kwa unyofu, na bibi yangu alikuwa mmoja wao. Mimi nimebatizwa, ni mhesabu wa zaka na mzee wa kanisa, wala sikuwa nimeutaja mwiko huo kwa miaka arobaini. Nilisingizia mila ili nifiche kiburi. Yeye aliifunika barakoa kwa kitambaa, akairudisha kikapuni, na akanijazia kikombe changu kama kawaida.

Kikohozi kilianza mwishoni mwa kiangazi hicho kifupi. Mwanzoni kilikuwa cha asubuhi tu. Mvua za Machi zilipokuja nilitarajia zikiondoe pamoja na vumbi, lakini moshi haujui mvua, na mimi nilikuwa bado njiani kila siku. Mkanda wangu ulihamia tundu la pili, kisha fundi viatu akanitobolea tundu jipya. Kola za mashati zikawa kubwa. Sauti yangu, ambayo kwa miaka ilisoma matangazo kanisani bila kipaza sauti, ikawa ya kukwaruza, na Jumapili moja nilikatika katikati ya tangazo la arusi, kijana wa kwaya akalimalizia.

Katika kituo cha afya niliketi kwenye benchi refu la kungojea, nikiwa na kikaratasi cha namba mkononi. Walinipa kikopo cha kutemea makohozi. Nyuma ya kituo kuna mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, na kila anayekwenda huko anaonekana na benchi zima. Nilikizungushia kikopo gazeti, nikakitia mfukoni mwa koti, nikarudi nacho kana kwamba nimebeba nyaraka za siri. Mama mmoja aliyeketi pembeni yangu na mtoto mgongoni alisogea. Simlaumu. Nilikwenda mara mbili, na mara zote mbili hawakukuta kifua kikuu. Walinipa vidonge, kisha sindano za wiki nzima, kisha wakaniambia nirudi nisipopata nafuu.

Nyumbani, mke wangu, Mama Espérance, alikuwa ameanza kuniwekea sahani yangu peke yake. Wajukuu waliokuwa wakilala kwetu siku za likizo walibaki kwa mama yao. Nililala nimeketi, nimeegemea magunia mawili ya maharagwe, kwa sababu nikijinyoosha kifua kilizama. Mama Espérance ndiye aliyefua kashene zangu kila jioni. Siku moja alinionyesha beseni.

"Baba Espérance, angalia hii maji."

Yalikuwa meusi.

"Ni vizuri," nikamwambia. "Ina maana kitambaa kinashika uchafu."

"Na ule wenye haukushikwa?" akauliza. "Uko wapi?"

Nilimwambia anipe kashene kavu.

Mwezi wa Aprili alifika kaka yangu mkubwa, Bonane, kutoka Walikale. Aliposikia kwamba vipimo havikuonyesha kitu, alikuwa na jibu kabla ya kuweka mzigo chini. "Mashine ya wazungu haionake karuho," akasema. Msomaji wa mbali ajue kwamba kwetu karuho ni sumu ya polepole, ambayo mtu hupewa ndani ya chakula au kinywaji, ikamla kwa miezi. Kikohozi kirefu na kukonda ndizo dalili zake zinazotajwa zaidi. Mtu akikonda na hospitali haioni kitu, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza alikunywa kwa nani.

Bonane alinipeleka kwa mganga mmoja upande wa Kirolirwe. Nilikaa huko wiki mbili katika hewa ya malisho ya ng'ombe, nikinyweshwa majani ya kutapisha. Nilitapika hadi machozi. Mganga alikoroga matapishi kwa kijiti akasema, "Njo hii, inatoka." Na kweli, siku ya kumi niliweza kulala nimenyooka. Kikohozi kilipungua. Naomba msomaji asimame hapa kama nilivyopaswa kusimama mimi, niliyelipwa maisha yangu yote kwa kulinganisha tarehe na matukio. Kwa wiki mbili sikuwa nimepanda baiskeli, wala sikuwa nimenusa lori hata moja. Hilo sikuliandika popote. Nilijiambia kwamba dawa imethibitisha sumu.

Tuliporudi Sake, Bonane aliitisha kikao cha nyumbani. Tulikuwa watatu tu, yeye, mke wangu na mimi.

"Unakulaka wapi inje ya nyumba?" akaniuliza.

"Sili nje. Nakunywa buyi pale Mubambiro."

"Ule mama, anaonjaka mbele yako?"

Kwetu anayempa mgeni kinywaji hukionja kwanza mbele yake, ili moyo wa mgeni utulie. Ni adabu ya nyumbani. Barabarani, penye sufuria na foleni ya wapiga-moto, hakuna anayeonja kikombe cha kila mtu, na hakuna aliyewahi kumtazamia afanye hivyo. Nilijua. Lakini nilijibu lile tu lililoulizwa.

"Hapana. Hajawahi kuonja."

"Basi," Bonane akasema.

"Basi nini?" Mama Espérance akauliza. "Wapiga-moto bote banakunywaka kwa ile sufuria, na bako bazima, banatusi batu ku njia kila siku. Karuho gani inachagua Baba Espérance peke yake?"

Hapo ndipo nilipotenda lile ninaloliandika kwa uso ulioinama. Ningeweza kukaa kimya, na hoja ya mke wangu ingetosha. Badala yake niliwaambia habari ya barakoa ya mpira. Nilisema kwamba mwanamke huyo aliwahi kujaribu kunivalisha kifaa cha mumewe aliyekufa, kwamba nilikataa mbele ya watu, na kwamba huenda alikasirika. Kaka yangu alipiga paja. Mke wangu aliinuka akaenda jikoni.

Kwa nini nilisema? Nimejiuliza kwenye mabenchi mengi. Kuwa mtu aliyetiliwa sumu kulinipa nafasi ya kuheshimiwa. Watu hawamtilii sumu mtu asiye kitu. Kuwa mzee aliyekataa mpira kwa kuogopa kufananishwa na mchimbaji, hilo halikuwa na heshima yoyote.

Mtu mwingine angelalamika kwa mdomo, na maneno yangepoa. Mimi niliandika. Nilichukua karatasi nyeupe, nikaweka mahali na tarehe, "Yahusu" ikapigiwa mstari, na nakala kwa ngazi mbili za juu. Nilieleza kwamba mhusika hakuonja kinywaji mbele ya mlalamikaji, kwamba hapo awali alijaribu kumkabidhi kitu cha marehemu, na kwamba matibabu ya kienyeji yameleta nafuu. Kila sentensi, ukiitenga, ilikuwa kweli. Nilitia sahihi yangu ndefu, ile iliyofungua milango kwa miaka thelathini, nikampa Bonane apeleke kwa mkuu wa mtaa.

Mkuu wa mtaa hakunifuata kuuliza swali hata moja. Hakuomba cheti cha hospitali. Alimwita Mama Riziki mbele ya watu, akamsomea barua. Nimeelezwa na wawili waliokuwepo, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao yanalingana. Mama Riziki alichota buyi katika sufuria yake akanywa upawa mzima mbele yao.

"Muko munaona?" akasema. "Minakunywa. Mulete na watoto wangu, banakunywa."

"Sumu yake inamujua," mtu akajibu kutoka nyuma, na watu wakaitikia.

Akasema tena, "Ule Papa, nilimupatia kashene juu ya vumbi. Mumuulize." Hakuna aliyekuja kuniuliza. Barua yangu ilikuwa imeandikwa vizuri mno hata hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Alipewa siku tatu. Hema lake lilivutwa chini kabla ya siku ya pili, na akarudi Nyamitaba kwa watu wa mama yake.

Nami nikarudi barabarani, na kashene zangu za kijivu. Kiangazi kikubwa kilikuwa kimeanza. Katika wiki ya tatu nilishuka kwenye baiskeli pale mzunguko wa kwanza wa Goma kwa sababu sikuona mbele. Nakumbuka moshi wa lori, mikono chini ya kwapa zangu, na sauti ikisema, "Ni Papa Sekretere, mubebe pole pole." Walionipakia kwenye pikipiki hadi hospitali, mmoja mbele na mmoja nyuma akinishika, walikuwa wapiga-moto wa Mubambiro, wateja wa lile benchi lililovunjwa. Hawakudai kitu. Mmoja alikaa nami chumba cha kungojea hadi binti yangu Espérance alipofika, na muda wote alinipepea kwa kofia yake.

Waliniwekea mpira wa oksijeni puani. Mchana wa pili alikuja daktari, mama kijana, akavuta kiti. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza, wala mimi mwenyewe.

"Papa, kila siku unapitaka wapi? Na ku mudomo unavaaka nini?"

Nilimwonyesha kashene. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Akaitandaza vidoleni, akaiinua mbele ya dirisha.

"Minaona nje yote," akasema. "Minaona ule muti, minaona na muntu anapita. Kama mwangaza inapita hivi, vumbi itashindwa na nini? Uijaribu na wewe."

Espérance alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alikuwa anajua habari ya barua. Aliitazama ile kashene, akanitazama mimi, kisha akageukia ukuta, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kilio. Hakuna kipimo katika ugonjwa wangu wote kilichoniuma kama hicho.

Matibabu yalichukua kiangazi chote na sehemu ya mvua za Septemba. Nilijifunza kuvuta dawa kwa pompi, pumzi moja asubuhi na moja jioni, nikihesabu kimoyomoyo kabla ya kuitoa. Nilinyoa sharubu nilizozifuga tangu siku ya kuapishwa kazini, kwa kuwa daktari alinieleza kwamba nywele huacha mwanya na barakoa haigusi ngozi. Uso ulionitazama kwenye kioo ulikuwa wa baba yangu akiwa mgonjwa. Kulikuwa na huruma ndogo pia. Muuguzi mmoja alinihifadhia kila Alhamisi nafasi ya benchi iliyo karibu na mlango, penye hewa. Mke wangu, bila tangazo, alirudisha sahani yangu kwenye sinia moja na yake.

Kwa wanaotaka kujua, nitasema kifupi nilichojifunza kuhusu kuchagua. Inua barakoa mbele ya mwanga kabla ya kuiangalia rangi. Ivae, funika kwa viganja, pumua kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni au mashavuni, hiyo haifai, hata ingekuwa imeshonwa na fundi wa askofu. Zile nyeupe ngumu zenye chuma kidogo puani zinatosha kwa wengi, lakini hazifuliwi. Zikiwa za kijivu, au pumzi ikiwa nzito, zimemaliza kazi. Ile ya mpira yenye vichungi viwili ndiyo iliyonifaa mimi hatimaye. Vichungi viko sokoni Sake, kama nilivyokuwa nimeambiwa. Usikiulize kioo, wala usiwaulize wapita njia.

Tangu siku ya dirisha nilijua kwamba hapakuwa na karuho. Hata hivyo nilikaa kimya mvua zote za Septemba na Oktoba. Nilijiambia kwamba bado naumwa. Nilijiambia kwamba jambo lenyewe limepoa. Mwezi wa Novemba Mama Espérance aliweka pompi yangu mezani mbele yangu.

"Kifua kimepona," akasema. "Na mukono wenye uliandika, utapona lini?"

Tulikwenda Nyamitaba pamoja. Mama Riziki alikuwa akipalilia maharagwe mteremkoni. Alituona tangu mbali, akamaliza mstari wake, kisha akaja, akatukaribisha ndani na kututengenezea chai. Alipoimimina alichukua kikombe changu, akakinyanyua hadi mdomoni, akanywa mafunda mawili akinitazama, kisha akaniwekea mbele. Akafanya hivyo hivyo kwa kikombe cha mke wangu. Nilitamani sakafu iniruhusu kupita.

Nilipiga magoti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya mtu nje ya kanisa. Nilimweleza yote, pamoja na sababu.

"Simama, Papa, magoti yako ni ya muzee," akasema. "Mimi nilikuwa minajua. Siku ya ile kashene, nilijua unaona haya. Bwana yangu naye alikuwa hivyo mbele ya bakubwa."

"Nisamehe, Mama."

"Ya mudomo nimekusamehe. Lakini Papa, weye haukunituhumu na mudomo. Uliandika. Ile karatasi iko inatembea. Muntu alipiga foto, iko ku telephone za batu mpaka hapa. Juzi nilipeleka maharagwe ku soko, mama mumoja akasoma jina langu, akarudisha kikapu. Wote banasema, ingekuwa bongo, ya uongo, Papa Sekretere hangeweka sinyature." Akasukuma kikombe karibu yangu. "Kunywa, inapoa. Halafu uende ukafute kwenye uliandika."

Siku ile ile ya kurudi nilikwenda kwa mkuu wa mtaa na barua ya pili, inayoifuta ya kwanza. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Papa Sekretere, ile dosie ilifungwa. Na weye ulishapona. Tuache batu balale."

"Mama huyo halali."

"Nikisema leo hana kosa, bataniuliza nilimufukuza juu ya nini. Nitajibu nini?"

"Utajibu ninavyojibu mimi."

"Weye uko mu pansheni, Papa. Mimi ningali ku kiti."

Nimekwenda kwake mara tatu. Kwa ngazi mbili zilizopata nakala za barua yangu ya kwanza, nimepeleka nakala za pili kwa mkono, na nimeambiwa zimeingia. Jibu sijapata. Barua ya uongo ilipata siku tatu. Ya kweli imemaliza msimu wa kupanda na haijajibiwa.

Kwa hiyo naandika hadharani. Nadai kwamba mimi, mwandishi wa barua ile, niitwe kwa wito wa maandishi na kusimamishwa mbele ya mkutano pale pale aliposimamishwa Mama Riziki, yeye akiwa ameketi, na nijibu shitaka la kumtuhumu mtu asiye na kosa. Nadai kwamba mkuu wa mtaa aeleze, mbele ya mkutano huo huo, kwa nini alimfukuza mkazi kwa karatasi ya mtu mmoja bila kumwona mlalamikaji, bila cheti, na bila kusikiliza jibu alilopewa. Nadai ngazi zilizopokea nakala zitamke kwa maandishi kwamba barua ya kwanza imefutwa, na tamko hilo libandikwe mahali watu wanapolisoma, ili anayetaka kupiga picha apige. Nadai nafasi ya Mama Riziki kando ya barabara irudishwe kwa jina lake kabla kiangazi hakijaanza. Na wanaoziruhusu barabarani injini zinazotoa moshi ule, nao nitawaandikia kwa zamu yao. Sitaki mtu ayachanganye mambo hayo mawili ili la kwanza lisahauliwe.

Sahihi iliyo chini ya barua hii ni ile ile iliyo chini ya ile ya kwanza. Walioiamini wakati ule hawana sababu ya kuikataa leo. Nasubiri wito.